Nyangumi Mbele ya Baraza

Mnamo Desemba 1818 mahakama ya mjini New York ilikabiliwa na swali geni: je, nyangumi ni samaki? Sheria ilitaka mafuta ya samaki yakaguliwe kwa malipo. Samuel Judd, mtengenezaji wa mishumaa, alinunua mapipa matatu ya mafuta ya nyangumi yasiyokaguliwa. Mkaguzi, James Maurice, akamdai dola 75. Mtaalamu Samuel Mitchill alishuhudia ya kwamba nyangumi hupumua kwa mapafu, ana damu ya moto, na hunyonyesha watoto wake. Wazee wa baraza walimsikiliza, kisha wakaamua kuwa nyangumi ni samaki. Macho yalishinda masikio.

Elimu ya Mitchill haikuwa mpya. Linnaeus alikwisha kumweka nyangumi miongoni mwa wanyonyeshao katika mwaka 1758. Lililokosekana ni maelezo ya sababu viumbe wasio wa ukoo mmoja kuvaa umbo moja. Mwaka 1843 Mwingereza Richard Owen alitenga mambo mawili: kiungo kilicho kile kile japo kazi yake hubadilika, na viungo mbalimbali vifanyavyo kazi moja. Mwaka 1859 Darwin akaeleza asili yake: mfanano wa kwanza ni urithi wa babu mmoja, wa pili huletwa na maisha ya namna moja.

Afumuaye pezi la nyangumi huona mfupa wa mkono wa juu, miwili ya kigasha, kiwiko cha kiganja na vidole, kama vilivyo katika mkono wa mtu na bawa la popo. Pezi la papa halina mpango huo. Mkia wa papa hupiga kushoto na kulia. Wa nyangumi, juu na chini.

Hata hivyo shahidi mmoja hatoshi. Mwaka 2010 ilionekana ya kwamba jeni moja ya kusikia imefanana kwa pomboo na kwa popo watumiao mwangwi, ingawa si ndugu wa karibu. Kwa hiyo ushahidi mwingi hupimwa pamoja. Mifupa ya vifundo vya miguu ya nyangumi wa kale, iliyotangazwa mwaka 2001 kutoka Pakistan, ilipatana na jeni nyingi: jamaa wa karibu wa nyangumi aliye hai ni kiboko, asiyefanana naye kwa umbo, papa, afananaye naye, yu mbali.