Bernard Membe: Afisa wa usalama aliyegeukia siasa

BERNARD Kamillius Membe, aliyefariki jijini Dar es Salaam mnamo Mei 12, 2023 akiwa na umri wa miaka 69, alikuwa afisa wa usalama wa taifa, mwanadiplomasia, mbunge na Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania. Aliishika wizara hiyo kwa zaidi ya miaka minane. Hata hivyo, anakumbukwa pia kwa jambo ambalo wachache wangelitarajia kwa mtu wa malezi yake: kufukuzwa katika chama kilichomkuza, kisha kuwania urais dhidi ya mgombea wa chama hicho.

Malezi na kazi ya usalama

Membe alizaliwa Novemba 9, 1953 huko Rondo, Mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Alipata elimu ya sekondari katika seminari za Kikatoliki za Namupa, Lindi, na Itaga, Tabora. Mwishoni mwa miaka ya sabini aliajiriwa katika Ofisi ya Rais akiwa mchambuzi wa masuala ya usalama wa taifa.

Hiyo haikuwa miaka ya utulivu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na vita vilivyofuata vilimwondoa mtawala huyo madarakani Aprili 1979. Aidha, Tanzania ilikuwa imewapa hifadhi wapigania uhuru wa nchi za kusini mwa Afrika, jambo lililoifanya iwindwe na maadui wao. Mchambuzi katika mazingira hayo alitakiwa kuzipima taarifa, kutenga uvumi na ukweli, na kumweleza mkubwa wake anachopaswa kujua. Sifa yake ilikuwa kunyamaza mbele ya watu wengine wote.

Idara ya Usalama wa Taifa yenyewe haikuwa na sheria yake mahususi hadi 1996, Bunge lilipoitungia. Sheria hiyo inaikataza kumfuatilia mtu kwa sababu tu ya kushiriki katika upinzani halali dhidi ya serikali.

Membe alisoma katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kati ya 1981 na 1984, na baadaye Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alikohitimu shahada ya uzamili katika uhusiano wa kimataifa. Kuanzia 1992 hadi 2000 alihudumu katika ubalozi wa Tanzania nchini Kanada.

Bungeni na wizarani

Alirejea nyumbani na kugombea ubunge wa Mtama, Lindi, kwa tiketi ya Chama Cha Mapinduzi (CCM) katika uchaguzi wa 2000, akashinda. Kuhama kwake kutoka usalama hadi siasa hakukuwa kioja. Katika enzi ya chama kimoja, iliyokoma 1992, chama, jeshi na vyombo vya usalama vilikuwa kama ndugu wa nyumba moja. Jakaya Kikwete, rafiki wa kisiasa wa Membe, naye alitoka jeshini.

Kikwete alipoingia Ikulu Desemba 2005, nyota ya Membe iling'aa. Alikuwa Naibu Waziri wa Mambo ya Ndani, kisha wa Nishati na Madini. Januari 2007 alipewa Wizara ya Mambo ya Nje, baada ya Asha-Rose Migiro kuteuliwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.

Mwaka uliofuata Tanzania iliongoza Umoja wa Afrika. Ni katika wadhifa huo ambapo Kikwete alifika Nairobi na kushuhudia Rais Mwai Kibaki na Raila Odinga wakitia saini mkataba wa kugawana mamlaka, Februari 28, 2008. Mwezi Machi, wanajeshi wa Tanzania walikuwa miongoni mwa waliomng'oa Kanali Mohamed Bacar katika kisiwa cha Anjouan, Komoro.

Mwaka 2012 Membe alijikuta katikati ya mzozo wa mpaka wa Ziwa Nyasa. Malawi ilishikilia kuwa ziwa lote upande huo ni lake kwa mujibu wa mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890. Tanzania ilisisitiza kuwa mpaka unapita katikati ya maji. Membe alitaka shughuli za kutafuta mafuta katika eneo hilo zisimamishwe. Suala hilo lilipelekwa kwa wasuluhishi wakiongozwa na rais wa zamani wa Msumbiji, Joaquim Chissano.

Kukatwa na kufukuzwa

Ndoto ya urais ndiyo iliyomponza. Februari 2014 CCM ilimpa onyo kali, pamoja na makada wengine watano, kwa kuanza kampeni mapema. Julai 2015 aliingia katika orodha ya watano bora mjini Dodoma, lakini jina lake likakatwa kabla ya tatu bora. John Magufuli akateuliwa na kushinda. Wizara ya Membe ilikwenda kwa Augustine Mahiga, ambaye naye aliwahi kuongoza idara ya usalama.

Kuanzia 2018 Membe alituhumiwa kuandaa njama za kumpinga Magufuli katika uchaguzi wa 2020. Februari mwaka huo aliitwa mbele ya kamati ya maadili, na siku ya 28 Kamati Kuu ikamvua uanachama. Julai alijiunga na ACT-Wazalendo, na baadaye akapewa tiketi ya urais. Kura ilipokaribia, viongozi wa chama hicho, Zitto Kabwe na Maalim Seif Sharif Hamad, walimuunga mkono Tundu Lissu wa Chadema. Membe alikataa kujiondoa. Alipata kura 81,129, chini ya asilimia moja.

Miaka ya mwisho

Alijitoa ACT-Wazalendo mapema 2021. Magufuli alifariki Machi mwaka huo. Oktoba, Mahakama Kuu iliamuru mchapishaji mmoja wa magazeti amlipe Membe Sh9 bilioni za Tanzania kwa kumkashifu. Mwaka 2022, chini ya uenyekiti wa Rais Samia Suluhu Hassan, CCM ilimrejeshea uanachama.

Alifariki mwaka mmoja baadaye, akiwa mwanachama wa chama kilekile kilichokuwa kimemtimua, na akazikwa kijijini kwao Rondo.