Tarehe ya Mkono wa Gia na Viungo Vyake

Motokaa za awali hazikuyajua sana maradhi ya viungo vya gia, kwa kuwa masafa baina ya mkono wa dereva na magurudumu ya meno yalikuwa mafupi, na chuma kilichoviunganisha kilikuwa kinene, wala hakikupitia kona nyingi. Émile Levassor wa Paris, ambaye yeye na mwenziwe René Panhard walikuwa watengenezaji wa mashine za kukatia mbao kabla ya kuingia katika kazi hii, aliiweka injini mbele ya gari mwaka 1891, akaiweka klachi nyuma yake, na nyuma ya klachi akapanga magurudumu ya gia yaliyosogezwa kwa nguvu mpaka meno yakakutana na meno. Na mpango huo, ijapokuwa kelele zake ziliudhi masikio, ulifuatwa na waundaji wengi wa magari kwa miongo kadhaa. Mkono wake wa gia ulikwenda katika mstari mmoja tu, hata dereva aliyetaka kutoka gia ya tatu kurudi ya kwanza hakuwa na budi kuipitia ya pili, apende asipende.

Gari la Mercedes la nguvu za farasi 35, alilolibuni Wilhelm Maybach na likatoka mwaka 1901, lilikuwa na mkono upitao katika lango lenye njia zaidi ya moja, na kwa hivyo mkono ukawa na kazi mbili zisizofanana: kwenda kando ili kuichagua fimbo ya ndani, na kwenda mbele au nyuma ili kuisukuma. Msomaji na ayashike haya, kwani karibu kila ubovu wa viungo ni ubovu wa mojawapo ya kazi hizo mbili. Kuchagua kukiharibika, dereva huitafuta gia ya kwanza akapata ya tatu, au huikosa rivasi kabisa ilhali nyingine zote zaingia bila taabu. Kusukuma kukiharibika, gia huingia nusu, ikashika kwa ncha za meno, na gari linapopanda mlima au kuteremka hutoka yenyewe.

Mikono iliyokuwa ikisimama nje ya bodi ilihamishiwa ndani, kati ya dereva na abiria, na katika magari mengi ikachomekwa moja kwa moja juu ya kifuniko cha giaboksi. Kwa rai yangu hapajapata kuwa na mpango bora kuliko huo kwa mtu akaaye mbali na gereji, na malori mengi yaliendelea nao kwa muda mrefu: mkono, gololi ya kuzungukia, springi, basi. Ukilegea, fundi hufungua kifuniko, akabadilisha kilicholika, na kabla ya adhuhuri gari liko barabarani.

Walakini raha ya abiria ilikuwa na gharama yake. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler iliikalisha injini ya Plymouth juu ya mipira, ili mtikisiko usiwafikie waliomo ndani, na tangu hapo mtindo huo ulipoenea injini na giaboksi vikawa vyatikisika peke yake na bodi peke yake, hata fimbo yoyote iliyofungwa huku na huku ikalazimika kuvumilia mwendo wa pande mbili. Mpira huo ukipasuka, au ukilowa mafuta ukalainika, injini huinuka dereva akanyagapo mafuta, ikazivuta fimbo, na gia ikachomoka. Naye fundi asiyelijua hilo huishusha giaboksi nzima, akayakagua meno yasiyo na kosa, akayarudisha kama yalivyokuwa, na mwenye gari akalipa.

Kisha ukaja mtindo wa kuuweka mkono kwenye nguzo ya usukani. Cadillac walikuwa miongoni mwa wa mwanzo, mwaka 1938, na haukupita muda Marekani yote ikaupenda, maadamu sakafu ilibaki wazi na kiti cha mbele kikatosha watu watatu. Humo fimbo moja huteremka ndani ya nguzo au ubavuni mwake. Dereva akiuvuta mkono kwake, fimbo huchagua kono moja chini ya usukani, ambalo kwa gari la gia tatu ni la gia ya kwanza na rivasi, na akiuachia huchagua kono la pili, la gia ya pili na ya tatu. Kutoka kila kono fimbo nyembamba huenda hadi ubavuni mwa giaboksi. Bushi zikilika, makono yote mawili huweza kutoka katikati kwa wakati mmoja, na hapo mkono hukwama kabisa. Madereva wa zamani waliijua dawa yake: walifungua boneti, wakayasukuma makono kwa vidole mpaka yakalingana, wakaondoka, na kesho yake wakafanya vivyo hivyo. Tiba ya kweli ilikuwa kuweka bushi mpya, kuyalinganisha makono kwa pini huku giaboksi iko huru, kisha kurekebisha urefu wa fimbo kwa nati zake.

Wako waliosema mtindo huo haufai Afrika. Lakini Peugeot 404, iliyotoka kiwandani na mkono wa gia kwenye usukani, ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mara nne, yaani 1963, 1966, 1967 na 1968, na katika ile ya 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza saba tu. Baadaye magari ya aina hiyo yakawa teksi za masafa marefu nchini Kenya, na hapo adui akawa vumbi, ambalo likichanganyika na girisi huzikwangua bushi kama msasa. Asiyesafisha kiungo kabla ya kukipaka girisi mpya amelisha vumbi tu.

Volkswagen ya kobe, injini yake ikiwa nyuma, ilihitaji fimbo ndefu ipitayo katika handaki la sakafu, ikishikwa mbele na bushi ndogo, na nyuma, chini ya kiti, na kiungo chenye mpira. Bushi ikivunjika, mkono hugongagonga na dereva huziwinda gia kwa kubahatisha, ilhali hakuna jino hata moja lililodhurika. Renault 4 ya mwaka 1961 ilikwepa mashaka hayo kwa ufundi wa kupendeza: giaboksi yake ilikaa mbele ya injini, na fimbo iliyonyooka ikatoka kwenye dashibodi, ikapita juu ya injini, ikaifikia.

Alec Issigonis alipoilaza injini ya Mini kwa upana mwaka 1959, aliwafungulia wengine njia ya magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, na humo, baada ya fimbo za namna nyingi, wengi waliishia kwenye kebo. Aghalabu huwa mbili, moja ya kuchagua na moja ya kusukuma, na kazi zile mbili za mkono sasa zina njia mbali mbali, jambo linalomrahisishia fundi uchunguzi. Na aanze hivi: injini ikiwaka gia zikagoma, na ikizimwa zikaingia vyema, kosa aghalabu ni la klachi. Zikigoma hata injini imezimwa, mtu mmoja auchezeshe mkono ndani ya gari na mwingine atazame kono la giaboksini; likibaki kimya au likichelewa, kosa liko njiani. Kisha kebo zichomolewe, na kono lisukumwe kwa mkono mtupu: gia zote zikiingia, giaboksi haina hatia, na kinachotakiwa huenda ni kichwa cha plastiki kilichopasuka, au kebo iliyoingia maji ikashika kutu ndani ya ala yake, ambayo mafuta hayaifufui kwa siku nyingi na ni heri ibadilishwe.