Mabomu ya ardhini: Jinsi wenyeji wanavyofunzwa kuyategua

MKULIMA wa Migori au Homa Bay huinua jembe akiwaza mvua na bei ya mahindi. Mwenzake wa Msumbiji, kwa zaidi ya miaka 20 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1992, alilazimika kwanza kujiuliza iwapo shamba lenyewe lilikuwa salama.

Mabomu ya kutegwa ardhini huwekwa na askari, lakini wanaobaki kuyakanyaga ni wanavijiji wanaochota maji, kutafuta kuni au kuchunga mifugo. Ndiyo sababu mashirika ya uteguaji hayategemei wataalamu wa kigeni pekee, bali huajiri na kuwafunza wenyeji. Shirika la HALO Trust la Uingereza lilianza kazi hiyo Msumbiji mwaka 1993, na kufikia 2007 lilikuwa limesafisha mikoa ya kaskazini. Septemba 2015, Serikali ilitangaza kwamba nchi haikuwa tena na mabomu yaliyojulikana.

Mafunzo yenyewe huchukua majuma kadhaa. Mwanafunzi hufundishwa kupitisha chombo cha kunasa chuma juu ya ukanda mwembamba wa ardhi na, kikilia, kuchimba polepole kutoka ubavuni, kwa kuwa bomu hulipuka likikandamizwa kutoka juu. Kwa kawaida bomu likipatikana halibebwi, bali hulipuliwa papo hapo. Alama nyekundu huonyesha upande wa hatari, nyeupe ule uliokwisha kusafishwa. Ni kazi ya kuchosha, na mwenye pupa hafai.

Mwenyeji ana jambo ambalo mgeni hulipata kwa kuuliza tu: anajua ng'ombe wa nani alilipuliwa wapi, na njia ipi iliachwa kutumika tangu lini. Hata hivyo, eneo likishasafishwa, ajira yake nayo hukoma.

Katika Afrika Mashariki, kituo cha kimataifa cha mafunzo hayo kilianzishwa Embakasi, Nairobi, mwaka 2005 kwa ushirikiano wa Kenya na Uingereza. Miongoni mwa waliopitia hapo ni wateguaji kutoka Rwanda, iliyotangaza kumaliza kazi mwaka 2009, na Uganda, iliyofuata mwaka 2012. Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa baruti. Wepesi wao hauwezi kulipua bomu. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia.

Kenya, iliyoridhia mkataba wa Ottawa wa kupiga marufuku silaha hizo mwaka 2001, haikuepuka madhara ya aina hiyo. Katika Samburu na Laikipia, wafugaji waliuawa na wengine kulemazwa na risasi na makombora yaliyoachwa bila kulipuka kwenye nyanja za mazoezi ya kijeshi. Mwaka 2002, Uingereza ilikubali kuwalipa walalamishi 228 fidia ya pauni milioni 4.5.