Washkaji Wawili Walivyogeukana Ziwa Nyasa: Stori Nzito ya Bandari ya Liuli

Ukipanda meli pale Kyela kuelekea Mbamba Bay, safari yenyewe ni ya kula upepo tu. Mkono wa kushoto milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, mkono wa kulia ni maji mpaka macho yanachoka. Baadaye sana, kabla hujafika Mbamba Bay, meli inaingia kwenye kibandari kidogo. Mitumbwi inasogea, akina mama wamebeba beseni, watoto wanapunga mikono. Hapo ni Liuli, wilaya ya Nyasa, mkoa wa Ruvuma.

Abiria wengi wanapiga picha mbili tatu na lile jiwe kubwa la Pomonda, wanaposti, basi. Hawajui kama hapo ndipo ilipopigwa mizinga ya mwanzo kabisa ya Vita Kuu ya Kwanza kwenye Ziwa Nyasa.

Enzi za Mjerumani hapa paliitwa Sphinxhafen, yaani bandari ya Sphinx, kwa sababu wageni waliliona hilo jiwe wakasema linafanana na lile sanamu la Misri. Jina lake la nyumbani hawakuwa na habari nalo.

Wajerumani walikuwa na meli yao ziwani, Hermann von Wissmann. Ilitoka Ulaya vipande vipande, ikapitia mto Zambezi na Shire, na palipokuwa na maporomoko wapagazi Waafrika wakabeba vyuma mabegani. Ikashushwa majini 1893. Waingereza wa upande wa Malawi nao walikuwa na ya kwao, Gwendolen, tangu 1899.

Sasa utamu unaanzia hapa. Makapteni wa meli hizi mbili walikuwa washkaji kabisa. Wakikutana bandarini ni vinywaji na stori mpaka usiku. Ziwa lilikuwa kubwa, Wazungu wachache, kila mmoja alimhitaji mwenzie.

Agosti 1914 vita ikalipuka Ulaya. Mwingereza akapata habari mapema pamoja na amri: kaimalize meli ya Mjerumani. Mjerumani yeye wala! Meli yake ilikuwa imevutwa nchi kavu pale Liuli inafanyiwa matengenezo.

Tarehe 13 Agosti, Gwendolen ikatokea na kuanza kufyatua mizinga. Jamaa wa Kijerumani akashangaa, akaruka kwenye kiboti, akapiga makasia mpaka kwa rafiki yake huku anafoka kwa hasira. Alidhani mwenzie kalewa! Alipofika ndo anaambiwa nchi zao ziko vitani, na yeye kuanzia dakika hiyo ni mateka. Hebu vaa viatu vyake.

London ikashangilia ushindi wa majini. Ushindi gani, dhidi ya meli iliyoko nchi kavu na kapteni asiyejua kitu? Mei 1915 Waingereza wakarudi tena Liuli kuilipua. Baadaye hao hao wakaifufua, wakaiita King George. Chuma kile kile, jina jipya.

Ila kwenye stori hii yote kuna watu hawatajwi kabisa: wenyeji wa Liuli. Mizinga ilitua kijijini kwao, kwa ugomvi wa watu wa mbali ambao hata kuwasalimia hawajawahi. Wavuvi walioamka siku ile kwenda kutega nyavu, hakuna aliyewauliza wala kuandika majina yao. Makapteni wameingia kwenye vitabu, wao wakabaki na jiwe lao.

Kwa hiyo siku meli ikitia nanga Liuli, usikimbilie selfie tu. Shuka, mtafute mzee wa pale, msalimie vizuri, muulize babu zake walisimulia nini. Wazee hawa hawatusubiri milele.

Na swali la leo, wadau: ungekuwa wewe ndo kapteni wa Gwendolen, amri mkononi na mshkaji wako yuko ufukweni, ungefyatua?