Walimu wa Sindano na Mizani

Dawa nyingi za mwanzoni mwa karne ya 20 daktari alizitoa, mgonjwa akazimeza, basi. Insulini, dawa ya kisukari, haikukubali mpango huo. Ilipoanza kutumika Toronto, Kanada, Januari 1922, kwa kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, haikuchukua muda kuonekana kwamba chupa moja haimfikishi mgonjwa mbali. Lazima achomwe kila siku, mara nyingi zaidi ya mara moja, na kipimo kilingane na chakula. Akizidisha, sukari inashuka mpaka anatetemeka na kuzimia. Akipunguza mno, anarudi kwenye hatari ileile aliyookolewa nayo. Hakuna hospitali iliyoweza kumlaza mtu maisha yake yote kwa ajili ya sindano. Kazi ya daktari ikahamia jikoni kwa mgonjwa, na huko ilihitaji mwalimu.

Mwalimu huyo alikuwa muuguzi, na mji uliomlea kuliko mingine ni Boston, Marekani. Dkt. Elliott Joslin alianza kutibu watu huko mwaka 1898, akiandika habari za wagonjwa wake wa kisukari katika madaftari makubwa. Mama yake mzazi alikuwa miongoni mwao. Kabla ya insulini, njia iliyorefusha maisha kidogo ilikuwa kubana chakula kwa ukali, kama alivyofundisha Frederick Allen wa New York, na watoto wengi walikonda wakabaki mifupa. Hata hivyo, njaa hiyo ilitaka hesabu: chakula kipimwe kwa gramu, mboga zichemshwe mara tatu na maji yamwagwe ili wanga upungue, mkojo upimwe. Mwaka 1918 Joslin alichapisha kitabu cha mwongozo kwa daktari na mgonjwa pamoja. Kuwaweka hao wawili ndani ya jalada moja kulitaka ujasiri, kwa kuwa kulimaanisha kwamba mgonjwa naye ana haki ya kujua.

Mgonjwa wake wa kwanza kupata insulini, tarehe 7 Agosti 1922, alikuwa Elizabeth Mudge, naye kwa sadfa ni muuguzi. Wengine hawakuwa na ujuzi wa namna hiyo. Joslin akawafunza wauguzi katika hospitali ya New England Deaconess, kisha akawatuma majumbani. Waliitwa wauguzi wazururaji. Muuguzi alikaa na familia mpaka mama wa nyumba aweze kuendelea peke yake.

Na mambo ya kufundisha yalikuwa mengi. Bomba la sindano lilikuwa la kioo, la kuchemshwa kila linapotumika. Sindano ikiwa butu ilinolewa kwenye jiwe. Kupima sukari kulihitaji dawa ya maji ya Benedict, yenye rangi ya buluu: matone manane ya mkojo yanadondoshwa kwenye mililita tano, yanachemshwa, halafu macho yanasubiri rangi. Ikibaki buluu, shwari. Ikigeuka kijani, kisha manjano, hadi wekundu wa tofali, sukari imejaa. Hatari kubwa zaidi ilikuwa chupa zenyewe, kwa sababu insulini iliuzwa kwa nguvu mbalimbali, uniti 20, 40 au 80 katika mililita moja. Aliyechukua chupa ya 80 akavuta kwa bomba la 40 alijichoma maradufu. Kosa hilo halikuhitaji daktari bingwa kulizuia. Lilihitaji mtu mvumilivu wa kukaa mezani na kurudia somo.

Wazo hilo lilisafiri. Ernesto Roma, daktari wa Ureno aliyekuwa Boston insulini ilipoanza kutumika, alirudi Lisbon na mwaka 1926 akaanzisha chama cha kuwalinda wenye kisukari maskini, kikiwapa dawa na elimu. Ndicho chama cha kisukari kikongwe kuliko vyote duniani. London, Dkt. Robin Lawrence, ambaye insulini ilimwokoa yeye mwenyewe mwaka 1923, alishirikiana na mwandishi H. G. Wells, naye mwenye kisukari, kuunda chama cha Uingereza mwaka 1934.

Ajabu ni kwamba kwa takriban nusu karne kazi yote hii haikuhesabiwa kuwa taaluma. Muuguzi aliifanya juu ya kazi nyingine, na ikionekana kama wema tu, ni rahisi kutoilipia. Hoja ya kuwazindua wakubwa ilitoka Los Angeles mwaka 1972. Leona Miller na Jack Goldstein walieleza jinsi hospitali ya umma, yenye wagonjwa wengi wasio na kitu, ilivyowapa wenye kisukari mafunzo na namba ya simu ya kupiga wakikwama. Wagonjwa waliofikishwa hapo wakiwa mahututi kwa sukari walipungua kwa takriban theluthi mbili. Mwaka uliofuata waelimishaji wa Marekani waliunda chama chao, na mwaka 1986 wakaanza kufanya mtihani wa kuthibitishwa.

Mwaka 1993 ulikuja ushahidi mzito zaidi: utafiti uliofuatilia watu 1,441 Marekani na Kanada. Waliobana sukari yao, kwa sindano tatu au zaidi kwa siku ama kwa pampu, walipunguza hatari ya kupata madhara ya macho kwa asilimia 76. Nyuma ya takwimu hiyo walikuwapo wauguzi na wataalamu wa lishe waliowapigia wagonjwa simu mara kwa mara. Bunge la Marekani liliamua mwaka 1997 kwamba bima ya wazee, Medicare, ilipie mafunzo hayo, na saa 10 zikatengwa kwa mwaka wa kwanza. Kazi ikapata bei.

Tanzania ina historia yake. Kliniki ya Muhimbili, alikofanya kazi Dkt. Donald McLarty na wenzake wa Kitanzania, iliandikisha wagonjwa wapya 1,250 kati ya 1981 na 1987, na chama cha kisukari cha nchi kilianzishwa mwaka 1985. Mwongozo wa Boston usingetosha hapa. Mwelimishaji wa pwani hana budi kuzungumzia ugali, muhogo wa nazi, na Ramadhani: nani afunge, nani asifunge, na sindano ipangwe vipi kati ya futari na daku.

Jambo lingine ni jokofu, ambalo nyumba nyingi hazina. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley huko Dadaab, kaskazini mwa Kenya, wagonjwa walilazimika kwenda kliniki kuchomwa sindano kwa sababu insulini haikuruhusiwa kukaa kwenye joto la majumbani. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto hilo, kati ya nyuzi 25 na 37, kisha wakaijaribu dawa maabara. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha kuwa insulini ilihimili hali hiyo kwa wiki nne, na hivyo mgonjwa wa kambini anaweza kukaa na chupa yake na kujichoma mwenyewe, mradi awepo wa kumfundisha.