Himaya, Koloni na Udhamini: Majina ya Ubeberu na Kazi ya Mfasiri

Neno ubeberu limekwisha kuzoeleka katika Kiswahili, wala halihitaji kutetewa. Hata hivyo, mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni sawa na ukoloni. Ubeberu ni mfumo ambao kwao nchi yenye nguvu za uchumi na silaha huzitiisha nchi nyingine kwa faida yake. Ukoloni ni sura mojawapo tu ya mfumo huo. Ukoloni waweza kukoma siku bendera inapoteremshwa. Ubeberu waweza kubaki kwa njia ya mikopo na bei za mazao.

Chanzo chake katika karne ya 19 kilikuwa mahitaji ya viwanda vya Ulaya: malighafi, masoko na mahali pa kuwekea mitaji. Mashindano ya mataifa yalizidisha tamaa hiyo. Mkutano wa Berlin ulikaa tangu Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885. Wakati huo huo, Carl Peters alikuwa akikusanya alama za watawala wa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, akiwemo Mangungo wa Msovero, katika karatasi zilizoandikwa kwa Kijerumani. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari Wilhelm wa Kwanza aliipa kampuni ya Peters hati ya himaya juu ya nchi hizo.

Hapa yapo maneno mawili ya kuangaliwa. Karatasi zile huitwa mikataba. Lakini mkataba ni mapatano ya pande mbili, kila upande ukielewa unachokubali. Twaona ni afadhali mwalimu aseme "hati za Peters". Neno himaya nalo maana yake ni ulinzi. Je, aliyelindwa alilindwa na nani, ikiwa mlinzi ndiye aliyemnyang'anya nchi? Aidha, siku hizi himaya hutumiwa pia kwa maana ya dola kubwa. Kwa hiyo mfasiri hana budi kubainisha maana anayoikusudia.

Tofauti za kisheria nazo zisipotezwe. Unguja na Pemba ziliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890. Kenya ilifanywa koloni mwaka 1920, lakini ukanda wake wa pwani, uliokuwa mali ya Sultani, ulibaki himaya. Tanganyika ilitawaliwa kwa udhamini, kwanza wa Shirikisho la Mataifa, kisha, tangu 1946, wa Umoja wa Mataifa. Majina yalikuwa matatu; mtawala alikuwa mmoja.

Athari zake zimo hata katika neno kodi. Kodi ni malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani iliamuru kodi ya nyumba, na mtu aliyejijengea kwa mikono yake akalipa mfano wa mpangaji katika nchi yake. Ili kupata fedha, wengi walilazimika kufanya kazi ya ujira. Kusini, watu walishurutishwa kulima pamba, na jambo hilo lilichangia kuzuka kwa Vita vya Maji Maji (1905–1907), ambavyo wengi wa waliokufa waliuawa na njaa.

Kwa hiyo twashauri kwamba istilahi ya mtawala itafsiriwe kwa uaminifu inapokuwa katika hati yake, lakini maelezo yetu wenyewe yaseme lililotendeka. Mwanafunzi asomaye "ulinzi" pasipo maelezo atadhani kwamba wazee wake waliomba kulindwa.