Nyimbo 1,000, lakini za nani?

Nilikuwa Wasso. Kwa wale wa mjini mnaoijua Loliondo kwa kikombe cha Babu wa Samunge cha mwaka 2011 tu, Wasso ni senta ya huko huko, yenye hospitali, maduka na vumbi la kutosha. Na kama ilivyo senta yoyote, kuna kibanda cha kuchaji simu na kuweka nyimbo.

Hapo kibandani nilimkuta mzee wa Kimasai anachagua redio ndogo, zile za Kichina zenye tundu la memori kadi. Kijana wa kibanda akamwambia, "Mzee wangu, chukua hii na kadi ya GB 4. Zinaingia nyimbo elfu moja." Mzee akaigeuza geuza ile redio, akauliza, "Elfu moja za nani?"

Kijana alicheka. Mimi nimelala na swali lile siku tatu.

Tuanze mbali kidogo. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV. Santuri za wakati ule, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilibeba dakika 3 hivi kila upande. Sasa niambieni, ni lini taarab ilikuwa muziki wa dakika 3? Ukumbini wimbo unakwenda kadiri watu wanavyoinuka kutunza. Kwenye santuri, sindano ikifika katikati, basi, imekwisha. Sauti ya Siti tuliyorithi ni ile iliyoweza kukaa ndani ya dakika hizo. Ila tuwe wa haki: gramafoni za kubeba hazikudai umeme wala betri, ulizungusha hendeli tu ukasikiliza. Redio aliyoishika mzee haiwezi hilo.

Zikaja santuri ndogo za mizunguko 45. Bendi zetu za dansi zilikuwa na mtindo wake: mnaanza taratibu na mashairi, halafu mnaingia kwenye chemko, magitaa yanajibizana na watu wanasahau kwao. Santuri haikutosha. Suluhisho likawa kuukata wimbo vipande viwili, kimoja upande A, kingine upande B. Yaani mguu uko hewani, muziki unakatika, mtu anakimbia kugeuza sahani!

Philips walipoleta kaseti mwaka 1963, mambo yakabadilika. Dakika 60, au 90 kwa mwenye nazo. Kulikuwa na za dakika 120 pia, lakini utepe wake ulikuwa mwembamba mno, redio ikiamua kuula umeula, na unabaki na kalamu ya biki unazungusha kuokoa kilichobaki. Sony wakatoa Walkman mwaka 1979 na muziki ukaingia kiunoni. Lakini kwa huku kwetu Walkman si habari kubwa. Habari kubwa ni kitufe chekundu cha kurekodi. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida, asiye na studio, aliweza kuhifadhi anachotaka yeye.

Fikiria Umasaini. Muziki wao hauna ngoma ya kupigwa wala gitaa. Kiongozi wa wimbo, wanamwita olaranyani, anatangulia, wenzake wanaitikia kwa sauti zile nzito za kooni, na wimbo hauna haraka ya kuisha. Dukani hukuzikuta hivi hivi. Kundi la X Plastaz la Arusha lilipotoa albamu ya Maasai Hip Hop mwaka 2004, kulikuwa na sauti ya Kimasai ndani yake, na tulifurahi, ila hiyo ilikuwa hip hop iliyomkaribisha Mmasai. Aliyetaka nyimbo za sherehe ya rika lake alibeba redio kaseti hadi kwenye sherehe, akabonyeza kitufe.

Na hapo ndipo pana uchungu. Kaseti tupu ilinunuliwa kwa hela, na nafasi ilikuwa finyu, kwa hiyo kilichokuwemo kilipisha kingine. Mnakumbuka vile vitundu viwili vya juu? Ukivunja vipande vyake, kaseti hairekodiwi tena. Ukiziba kwa karatasi, inarekodiwa. Nyumbani tulikuwa na kaseti moja ya dakika 60 ambayo bibi yangu aliimba nyimbo za harusi, aliyeirekodi alivunja vipande vile makusudi. Mimi na kaka yangu tukiwa shule ya msingi tuliziba kwa karatasi ya daftari, tukachukua Bongo Fleva kutoka redioni. Wimbo wetu wa mwisho ulipokwisha zilibaki sekunde chache ambazo hatukuzifikia, na bibi alikuwa anaimba pale. Tulizikuta baada ya kumzika.

Haya, tuje kwenye MP3. Mwaka 1998 Wakorea walitoa MPMan yenye MB 32. Ukipiga hesabu ya MB 1 kwa dakika, ambayo ndiyo hesabu ya kawaida ya MP3 za wakati ule, unapata nusu saa tu: imeshindwa hata na kaseti! Oktoba 2001 Apple wakaja na iPod ya GB 5, wakatangaza nyimbo 1,000 mfukoni. Namba hiyo ndiyo imezaa lugha anayoitumia kijana wa Wasso. Lakini ilipigwa kwa wimbo wa dakika 4. Weka humo taarab za kisasa za dakika 12, hazifiki 350. Nyimbo za olaranyani je? Mzee alikuwa anauliza hesabu sahihi kabisa.

iPod yenyewe ilikwisha mwaka 2022, na huku sikuwahi kusikia mtu akiililia. Ilitaka kompyuta, na betri yake imefungiwa ndani. Kilichofika Umasaini ni kadi ndogo ya microSD, kwanza kwenye simu, halafu kwenye hizi redio, ambazo nyingi zinatumia betri ile ile ya Nokia, BL-5C. Ikiisha unachomeka nyingine, unaendelea kuchunga.

Kwa hiyo ukiulizwa uchukue ya GB ngapi, anza na urefu wa unachosikiliza. Halafu uliza nyimbo zimebanwa kiasi gani, maana kuna vijana wanazibana hadi nusu ili zitoshe nyingi, na zile sauti za kooni zinabaki kama nzi kwenye chupa. Kisha ogopa kadi kubwa ya bei ya kutupa. Kuna kadi feki zinazosoma GB 64 kumbe ndani ni 8. Zinapokea kila unachoweka bila kulalamika, na siku unapotaka kusikiliza, mafaili hayafunguki. Kaseti angalau ilikuwa inakwambia ukweli: utepe ukiisha, unauona umeisha.

Mzee alichukua GB 4. Akatoa simu yake, ndani mlikuwa na saa mbili za sherehe ya vijana wake, alizorekodi mwenyewe. Zote hazikujaza hata robo ya GB 1. Kijana akamuuliza, "Nikujazie na Bongo Fleva, mzee wangu? Nafasi bado ipo kubwa."

"Iache wazi," mzee akasema. "Nipe na kadi nyingine, uweke hizi hizi."

Alilipia kadi mbili. Moja akaichomeka kwenye redio, ya pili akaifunga kwenye pindo la shuka lake.